Kabla ya kupanda basi la Kampala, gawa kodi kwa siku unazouza

Ikiwa unasoma haya ukiwa Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, huenda nyumbani kwako mazungumzo haya yameshafanyika: chakula kimekatwa, shamba ni dogo, afadhali twende Kampala. Wengine wameshauza mbuzi ili kupata nauli. Hatuandiki kukuzuia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa ruhusa ya kutembea na kufanya kazi ndani ya Uganda, na zaidi ya wakimbizi 100,000 wameandikishwa Kampala. Tunachotaka ni kukaa nawe chini na kupiga hesabu kabla hujafunga mizigo.

Sababu ya mazungumzo hayo inajulikana. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilianza kugawa familia katika makundi matatu kulingana na hali yao, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye mgao. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua sana, takriban watu milioni 1 waliokuwa wakipata msaada wa chakula Uganda waliachwa nje. Mwaka huohuo vita vya Goma na Bukavu vilileta watu wapya mpakani. Mgao mdogo, watu wengi: ni kawaida macho yakielekea mjini.

Lakini Kampala haina mgao. Msaada wa chakula na kiwanja cha kujenga vinatolewa makambini; anayechagua kukaa mjini anahesabiwa kuwa mtu anayejitegemea. Mjini utalipia kitanda, maji, mkaa, choo na taa, kila kimoja kwa pesa taslimu. Na hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapokosewa.

Watu wengi hupanga kwa mwezi. Wanasema: kodi ni kiasi hiki, chakula kiasi hiki, nitatafuta kazi. Lakini pesa ya Kampala haiji kwa mwezi. Mama anayetembeza vitenge Katwe, kijana anayebeba mizigo sokoni, msusi wa Nsambya, fundi wa kushona, wote wanapata kwa siku, na siku nyingine hawapati kitu. Kwa hiyo kodi nayo ibebwe kwa siku. Tena igawanywe kwa siku unazouza kweli, usiigawe kwa 30. Toa Jumapili kama unasali, toa siku ya mvua kubwa, toa siku mtoto anapougua.

Tufanye mfano, na bei za mtaa unaoutaka utaziweka mwenyewe. Chumba kimoja, kile wenyeji wanachoita muzigo, ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Unauza siku 25, na ukishatoa mtaji unabaki na 12,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 300,000. Kodi ukiigawa kwa 25 ni 6,000: nusu ya kila siku unayofanya kazi imeshaondoka kabla hujala. Chakula sasa, watu watano, 5,000 kwa siku. Hiki hakigawanywi kwa 25, kwa sababu watoto wanakula hata Jumapili. Siku 30 ni 150,000. Umefika 300,000. Imekwisha. Mkaa haujanunuliwa, maji hayajachotwa, na shule bado.

Hesabu hii haisemi kwamba Kampala haiwezekani. Inasema kwamba familia ya watu watano yenye mtu mmoja anayepata haitoshelezi, na kwamba akipatikana wa pili, hata kwa nusu ya kipato hicho, hali inabadilika. Mama mmoja kutoka Kivu Kaskazini aliniambia, tukiwa kwenye baraza yake Makindye, kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anashangaa kila tarehe 28: pesa alikuwa ameipata, na hajui ilipokwenda. Siku hizi ana mikebe miwili. Jioni, kabla ya kuwasha jiko, ya kodi inaingia kwanza. “Ile si yangu,” alisema, “ni ya landilodi, mimi namtunzia tu.”

Kuna jambo jingine ambalo makambini halionekani sana. Mjini, asiye na pesa hununua kwa bei kubwa. Mkaa (makala, kwa ndugu zetu wa Kongo) wa kopo kila jioni, ukiujumlisha mwezi mzima, unapita bei ya gunia. Sukari ya kipimo cha mia mbili, mafuta ya kupimiwa kwenye kifuko, muda wa maongezi wa siku moja moja, ni vilevile. Mkaa wenyewe umekuwa tabu zaidi tangu Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Njia tunayoiona ikifanya kazi ni majirani kuchangia gunia, wawili au watatu wa uani pamoja, Mkongomani na Mganda, kila mmoja na debe lake. Jirani yako mwenyeji ananunua kwa kopo lilelile na analipa landilodi yuleyule. Yeye pia anatafuta wa kuchangia naye.

Umeme uulize mapema. Mita ya Yaka hulipiwa kabla ya kutumia, na mwanzo wa mwezi uniti za kwanza 15 za matumizi ya nyumbani huwa na bei nafuu. Vyumba sita vikiwa na mita moja, uniti hizo zinamalizwa na wote, na mwenye pasi au friji anawachosha wenzake. Uliza: mita ni ya nani, na tunagawanaje? Maji nayo, bei ya jerikani kwenye bomba la uani si sawa kila mahali. Zidisha kwa jerikani unazotumia kwa siku, kisha kwa 30. Nimeona chumba cha “bei rahisi” kikimshinda mtu kwa sababu ya maji na nauli ya taksi tu.

Pesa ya kuanzia ndiyo inayowaangusha wengi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inasema mwenye nyumba asidai malipo ya mwanzo yanayozidi kodi ya miezi mitatu, asipandishe kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na asimtoe mpangaji bila amri ya mahakama. Dalali naye mara nyingi anataka kodi ya mwezi mmoja. Kwa mfano wetu, hiyo ni 450,000 na 150,000, jumla 600,000, kabla ya godoro, sufuria na jiko. Nilipokuwa mwanafunzi, dalali mmoja alichukua pesa yangu kwa chumba ambacho tayari kilikuwa na mtu. Usilipe kabla hujaona chumba kikiwa wazi na hujaongea na mwenyewe. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, jitambulishe, uliza kama anamfahamu. Risiti idai, hata ya kuandikwa kwa mkono kwenye daftari.

Pesa ya shule haifuati mwezi. Mwaka wa masomo una mihula mitatu, inayoanza karibu na Februari, mwisho wa Mei na Septemba. Shule za msingi za serikali ziko chini ya mpango wa elimu bure tangu 1997, lakini uji, sare, madaftari na michango mingine vinalipiwa. Tembelea shule, uliza jumla ya muhula, igawe kwa wiki. Wanawake wengi wa Kikongo mjini wanaitunza kupitia likelemba, na jambo la busara ni kuomba zamu yako iangukie Januari, wakati biashara imelala baada ya sikukuu na shule inakaribia. Likelemba iwe ya watu mnaojuana makazi. Pesa ya simu inafaa kwa kuficha, ila kila unapotoa kuna ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5, kwa hiyo kutoa elfu tano tano kila siku kunakula.

Ugonjwa hauna tarehe. Vituo vya afya vya serikali, kama Kisenyi, havidai malipo ya kumwona mganga, lakini dawa zikiisha utaandikiwa ukanunue. Weka kitu.

Mwisho, swali la familia nzima au mtu mmoja. Wengi waliofanikiwa hawakuhama wote siku moja. Alitangulia mmoja, miezi mitatu au minne, akaandika kila siku alichopata na alichotumia, huku nyumba na shamba vikibaki na mtu. Kumbuka kwamba huduma zako zinafuata mahali ulipoandikishwa. Ukiondoka kimya na uhakiki ukapita bila wewe, jina linaweza kusimamishwa, na kulirudisha kunataka nauli na siku za kupanga foleni. Kabla ya safari, pita ofisi ya OPM kambini kwako uulize tarehe ya uhakiki ujao, na uulize utaratibu wa kuhamishia faili lako Kampala. Nauli ya kurudi siku hiyo iandike kwenye hesabu, pamoja na siku mbili ambazo hutauza.