Mama mwenye ufunguo wa kanisa

Jumapili asubuhi, kabla mchungaji hajafika, kuna mama anayefungua mlango wa ukumbi tunaoukodi hapa Massachusetts. Mara nyingi huwa ametoka zamu ya usiku kuhudumia wagonjwa, sare ya kazi bado iko chini ya koti la baridi. Anawasha hita, anapanga viti, anagawa vitabu vya Tenzi, anabandika chai. Tulipofiwa majira ya baridi, michango ya kusafirisha mwili hadi nyumbani ilipita mikononi mwake, na kila dola ilifika. Ibada ikiisha, wazee wa kanisa huingia chumba cha ndani kwa kikao. Yeye huwapelekea chai, akarudisha mlango, akatoka.

Uchaguzi wa wazee umekaribia, na lile swali limerudi: mwanamke anafaa kuwa mzee wa kanisa? Tunajibu hapa bila kuzunguka. Anafaa, na sisi tumechelewa.

Kwa Mpresbiteri wa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) lilimwekea mikono Nyambura Njoroge mwaka 1982, mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji katika kanisa hilo. Baadaye alisomea udaktari wake hapahapa Marekani, Princeton, na kuandika kitabu juu ya Woman's Guild, akina mama wale wa kitambaa ambao wengi wetu tulilelewa mikononi mwao. Kanisa la Scotland, lililoleta Injili Thogoto, nchini Kenya, liliwakubali wanawake kuwa wazee mwaka 1966 na wachungaji mwaka 1968. Mwaka 2004 Baraza Kuu lake liliongozwa na Alison Elliot, ambaye hakuwa mchungaji. Alikuwa mzee wa kanisa.

Hapa tulipo, Wapresbiteri wa kaskazini mwa Marekani walifungua uzee kwa wanawake mwaka 1930 na uchungaji mwaka 1956. Wapo pia waliokataa. Presbyterian Church in America, lililoundwa mwaka 1973, halimwekei mwanamke mikono, na baadhi ya ndugu zetu wanaosali huko hutuletea hoja zake. Ni watu wa imani, wanasoma kwa uzito Timotheo wa Kwanza sura ya 2, Paulo anapomkataza mwanamke kufundisha, nasi hatuiruki sura hiyo. Ila Paulo huyohuyo, anapofunga Waraka kwa Warumi, anaanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kuwataka ndugu wampokee na kumsaidia katika lolote atakalohitaji. Anayeshika sura moja na ashike na ya pili.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, ni mazoea. Tukisikia “mzee” tunamwona mwanamume. Lugha yetu haikutufundisha hivyo: mzee, mchungaji, shemasi, nabii, hakuna hata neno moja kati ya hayo lenye jinsia. Ubaguzi tumeuleta sisi.

Na mazoea hayo yana gharama. Kazi ya mzee ni kuingia katika nyumba za watu: kuombea mgonjwa, kupatanisha mume na mke, kukaa na kijana aliyepotea njia. Mke anayepigwa hapa ugenini, asiye na mama wala shangazi wa kukimbilia, atafungua moyo mbele ya wanaume watano, mmoja wao rafiki wa mumewe? Hafungui. Humpigia simu yule mwenye ufunguo, usiku wa manane, naye huenda. Kazi ya uzee anaifanya tayari. Kinachokosekana ni kiti na kura.

Uchaguzi uliopita jina la mama mmoja lilitajwa. Kabla ya kura akaombwa ajiondoe, ati kwa ajili ya amani. Akajiondoa. Mimi ninayeandika haya nilikuwa nimeketi nyuma yake na sikusema neno, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Safari hii tusinyamaze. Akina baba, mkiona anafaa, mtajeni kwa sauti. Akina mama, mkitajwa msijiondoe. Fomu za mapendekezo ziko kwa katibu, na zinapokelewa hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.