Waya wa Stima Si Ukuta

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naongeza kwamba siku hizi kimo hata ndani ya soketi. Hebu niwasimulie.

Likizo ya Agosti nilikaa kwa mjomba Nairobi, katika jumba la ghorofa. Intaneti ilifika sebuleni tu, maana ukuta wa mawe uliizuia isiingie chumbani. Mjomba akanunua adapta mbili za kuchomeka kwenye soketi, moja karibu na ruta na nyingine chumbani. Intaneti ikapita katika waya ule ule wa stima, bila kutoboa ukuta. Tukafurahi kama watoto wa Krismasi.

Siku ya tatu nilitaka kuchapisha insha yangu. Tarakilishi ikanionyesha printa mbili, na nyumba ile ina moja. Nikabonyeza tu. Baada ya nusu saa, mzee wa ghorofa ya juu akabisha hodi, insha yangu mkononi. "Kijana, nimeuliza kila mlango. Hii ni yako?" Tulicheka, lakini usingizi ulinipaa. Kama insha yangu ilipanda bila ngazi, ni siri gani za mzee wa watu zingeweza kushuka kwetu?

Sababu yake ni hii. Stima yetu hucheza mara 50 kwa sekunde. Adapta hupanda juu ya waya huo huo na mawimbi ya kasi zaidi, mamilioni ya mara kwa sekunde. Mawimbi hayo hayajui kodi ya nyumba inalipwa na nani. Mita nayo kazi yake ni kuhesabu uniti, si kulinda mlango, hivyo yanaweza kuipita na kuingia kwa jirani. Kinachomzuia jirani ni neno la siri ambalo adapta hutumia kuvuruga habari ili asiye nalo asielewe kitu.

Sasa kasheshe iko hapo. Adapta nyingi za mtindo wa HomePlug zilitoka kiwandani na neno la siri lile lile: "HomePlug", na baadaye "HomePlugAV". Jamani, hiyo ni kufuli ambayo ufunguo wake unauzwa dukani! Mjomba hakulibadilisha, na mzee wa juu pia hakulibadilisha. Adapta zao zikasalimiana kama ndugu.

Hata kufuli zenyewe hazilingani. HomePlug ya kwanza, ya mwaka 2001, ilitumia ufunguo wa biti 56 wa mtindo uitwao DES. Ajabu ni kwamba mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilikuwa limejenga mashine iliyovunja ufunguo kama huo kwa muda usiofika siku tatu. HomePlug AV ya mwaka 2005 ikaleta mtindo wa AES wa biti 128. Huo ni imara kweli, lakini kufuli imara yafaa nini ukiacha ufunguo mlangoni?

Nasema haya kwa kuwa kuna fununu kwamba shule yetu inataka kuunganisha maabara ya tarakilishi na chumba cha walimu kwa njia hii, maana ni rahisi na vyumba hivyo viko jengo moja. Mimi sipingi. Lakini alama zetu za mtihani zitapita katika waya unaofika hadi soketi ya veranda, pale tunapochomeka pasi. Mwanafunzi mtundu akija na adapta yake mfukoni, itakuwaje?

Wengine watasema, "Ah, hata Wi-Fi huvuja!" Ni kweli. Ila Wi-Fi tumeizoea, na kila mtu huiwekea neno la siri. Waya hutudanganya kwa sababu tunauona, tukadhani kilichomo hakitoki.

Dawa si ghali. Kwanza, neno la siri libadilishwe siku ile ile adapta zinapotolewa katoni. Zenye kitufe cha kuunganisha, bonyeza cha moja, kisha cha ya pili kabla ya dakika mbili kwisha, nazo zitajitungia ufunguo mpya. Pili, tusinunue zile kuukuu za biti 56 eti kwa sababu ni bei rahisi. Tatu, mwalimu mmoja apewe jukumu la kukagua mara kwa mara ni adapta ngapi zimo kwenye mtandao. Zikiwa tatu na shule ilinunua mbili, basi kuna mgeni.

Mjomba alibadilisha neno lake jioni ile ile, na printa ya mzee ikatoweka kwetu. Kazi yenyewe haikumaliza hata chai yake. Walimu wetu waheshimiwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami hapo nakunja jamvi.