Punda Akisimama Si Ukaidi

Wapo wengi katika vijiji vyetu vya Iringa wachukuao mizigo kwa punda, na kila asimamapo njiani humpiga bakora, wakisema ni mkaidi. Sisi twasema: huo si ukaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama kwanza, apate kutazama. Tena punda huficha maumivu yake, na kusimama huko huenda ndiko kusema kwake kwamba anaumia.

Basi kabla ya kuinua fimbo, mkagueni. Tazameni kwato, pengine limekwama jiwe. Tazameni shingo: nira ya ng'ombe humchubua, kwani punda hana nundu, yeye huvuta kwa kifua, naye ahitaji mkanda mpana ulio laini. Asili yake ni nchi kame za kaskazini mashariki ya Afrika, na manyoya yake hayazuii maji vizuri. Kwa hiyo mvua zetu na baridi ya Juni na Julai humdhuru, naye ataka kibanda. Msimtenge na mwenziwe aliyemzoea, maana huweza kuacha kula. Na punda aliyeacha kula aitiwe bwana mifugo siku ile ile, asingojewe.

Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kuchinjwa punda kwa biashara ya ngozi. Ni jambo jema. Lakini ngozi iliyosalimika na kisu, tusiichane kwa fimbo. Mnyama hana ulimi wa kutushitaki hapa duniani, nasi tutaulizwa juu yake.