MWOKOAJI KWANZA, KAMERA BAADAYE

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii tunaipenda mno. Matatu ikipinduka, ajali haina kinga. Mtu akifa maji, ajali haina kinga. Leo nimeshika kalamu ili niipinge, hasa inapotajwa na watu wanaotaka kupiga picha za filamu majini. Hao hao wahenga walisema pia tahadhari kabla ya hatari, lakini hiyo huwezi kuisikia matangani.

Nimechagua mada hii kwa sababu siku hizi tamasha za drama za shule zina kitengo cha filamu, na wanafunzi wengi wana hamu ya kushika kamera. Sisi wa Ahero tumezungukwa na maji. Mto Nyando uko hapa hapa, mashamba ya mpunga yamejaa mifereji, na ukipanda matatu hadi Kisumu, ufuo wa Dunga si mbali tena. Si ajabu basi kwamba hadithi zetu nyingi zina mtumbwi ndani yake. Huyu anataka mvuvi azame, yule anataka msichana atoroke usiku kwa mashua. Mawazo ni mazuri sana. Swali langu ni moja tu: sisi sote tukiwa tumeikodolea kamera macho, ni nani atakayemwangalia mwigizaji aliye majini?

Katika filamu zinazotengenezwa kwa utaratibu, kazi hiyo ina wenyewe. Hao ni waokoaji wa majini. Hufika mahali pa kupigia picha kabla ya watu wengine. Hupima kina cha maji, hutazama mkondo unaelekea wapi, na huchunguza chini kuna nini: matope, mawe, vigogo au nyavu zilizotupwa. Huuliza hali ya hewa ya siku hiyo. Huandika jina la kila anayeingia chomboni na kuwahesabu tena wote wanapotoka. Picha zikianza kupigwa, boti yao hukaa kando, mahali ambapo kamera haioni, injini ikinguruma, kamba na boya vikiwa tayari mkononi. Mwigizaji habanduki na jaketi lake la kuokolea maisha hadi dakika ya mwisho, na pengine huvalishwa jingine jembamba chini ya nguo za mchezo. Zaidi ya yote, mkuu wa waokoaji ana idhini ya kusema "Simama!" na kila mtu akasimama, hata mwelekezi mwenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha maoni yangu. Mwelekezi anatafuta picha nzuri. Mwigizaji anatafuta sifa. Mpiga picha anaogopa jua litatua kabla hajamaliza. Watu wote hawa wana haraka, na mtu mwenye haraka hawezi kuwa mlinzi. Ni lazima awepo mtu mmoja ambaye hana haja na picha ile, kazi yake ni uhai wa watu tu.

Wako watakaosema natia watu woga bure. Hebu tutazame yaliyotokea. Tarehe 7 Novemba 2016, karibu na jiji la Bengaluru nchini India, waigizaji watatu wa filamu iitwayo Maasti Gudi waliruka kutoka kwenye helikopta hadi ndani ya bwawa. Shujaa wa filamu ndiye aliyekuwa na kifaa cha kumwelesha. Wenzake wawili, Anil na Uday, hawakuwa nacho. Taarifa za wakati ule zilisema hata boti ya injini iliyotegemewa ilikataa kuwaka. Shujaa alinusurika, wale wawili wakafa maji mbele ya kamera. Jameni, hiyo nayo tuiite ajali isiyo na kinga?

Bara letu nalo halikusalimika. Tarehe 10 Aprili 2024, mwigizaji mashuhuri wa Nigeria aliyejulikana kama Junior Pope alikuwa safarini kwa boti kwenye Mto Niger katika shughuli za filamu. Boti ilipata ajali na watu watano wakapoteza maisha, yeye akiwa miongoni mwao. Video aliyojirekodi kabla ya msiba ule ilimwonyesha ndani ya boti bila jaketi, akimsihi nahodha apunguze kasi. Tukio hili linatufunza kwamba hatari haimo katika mchezo peke yake. Hata safari ya kwenda na kurudi ni sehemu ya kazi, na mwokoaji anapaswa kuwepo tangu mtu wa kwanza anapokanyaga chombo hadi wa mwisho anapoteremka.

Sasa mtu atauliza, kwani huku kwetu Afrika Mashariki filamu za majini zimeanza lini? Zilianza zamani. Mwaka wa 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn walikuja kuigiza filamu ya The African Queen katika Kongo na Uganda, na sehemu nyingine zilipigwa Butiaba kwenye Ziwa Albert. Boti yenyewe iliyobeba jina la filamu ilizama kazi ikiendelea, ikabidi iinuliwe kwa nguvu za watu wengi. Lakini hebu sikiliza jambo hili: sehemu ambazo Bogart na Hepburn wanaonekana wamezama kwenye maji hazikupigwa Afrika. Maji ya huku yalihofiwa kwa magonjwa na hatari zake, kwa hivyo sehemu hizo zikapigwa ndani ya matangi ya studio huko London. Watazamaji hawakutambua, na Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo hiyo. Ikiwa nyota wa Marekani waliigizia kwenye tangi, sisi ni nani wa kujitosa Nyando wakati wa masika, maji yakiwa mekundu na yanabeba miti?

Ziwa letu pia lina tabia zake. Asubuhi unaweza kulikuta limetulia kama mkeka, na baadaye upepo ukaja ghafla hadi mtu akashangaa. Gugu maji husukumwa na upepo na linaweza kuifunga mashua isiweze kwenda mbele wala nyuma. Kuna viboko. Kuna kichocho, ambacho hakikuui siku hiyo lakini unarudi nacho nyumbani. Makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara husema kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria lote, na wengi wao ni wavuvi waliozoea maji. Sembuse mwanafunzi wa kidato cha pili aliyevaa kanzu ya babu ya kuigizia?

Kwa bahati nzuri, watu wa kutusaidia tunao. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Waliowahi kufika kusaidia ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa Tanzania nzima, na serikali ikaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hilo ndilo jambo ninalolitaka: ujuzi wa mvuvi uheshimiwe kama kazi yenye mshahara. Isiwe mvuvi anaitwa kulinda watu siku nzima kwenye jua, halafu jioni anapewa soda na asante, ilhali aliyebeba taa amelipwa.

Hata hivyo tusidanganyane. Si kila mvuvi ajuaye kuogelea, na kujua maji si sawa na kujua kumrudishia pumzi mtu aliyekunywa maji. Kwa hivyo vijana wa ufuoni wanaotaka kazi hii wafunzwe huduma ya kwanza na uokoaji, wapewe vyeti, na kamati za ufuo tunazoziita BMU ziweke orodha yao. Kijana wa hapa anayeipenda filamu lakini hana sura ya kuigiza wala pesa za kununua kamera, hii ni kazi yake, bana!

Najua mtanijibu nini. Mmoja atasema, "Mimi najua kuogelea." Hongera, lakini unajua kuogelea ukiwa umevaa viatu na koti? Wa pili atasema jaketi linaharibu picha. Picha hurudiwa, mtu harudiwi. Wa tatu atasema shule haina pesa. Huyu ndiye mwenye hoja, nami namjibu hivi: kama hatuna pesa za mwokoaji, basi hatuna pesa za kuingia majini. Tuandike mchezo mwingine.

Nao unaweza kuwa mzuri kupita ule wa kwanza. Onyesha mtumbwi mtupu ukielea. Onyesha ndara moja imesukumwa ufuoni na mawimbi. Onyesha mama amesimama na taa, anaita jina na haitikiwi. Mtazamaji atalia, na hakuna aliyelowa hata goti.

Kwa hayo, naomba mambo matatu kwa chama chetu na kwa mwalimu mlezi wetu. Kwanza, pasipigwe picha yoyote majini wala mtoni bila mwokoaji aliyefunzwa, na neno lake liwe la mwisho. Pili, majaketi na malipo yake yaandikwe juu kabisa kwenye bajeti, kabla ya nguo na chakula. Tatu, majina yanapopita mwishoni mwa filamu, jina lake liwemo, maana watazamaji hawatamwona popote pengine. Kazi yake ikifanywa vizuri, hakuna linalotokea.

Ajali zingine kweli hazina kinga. Zile za kamera na maji tunazifahamu na kinga yake tunaifahamu. Tukiiacha kwa kuona aibu au kwa kubana shilingi, tusije tukaisingizia methali. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu