Semina wapewe watengeneza programu, siyo wakulima

Leo siandiki kuhusu kupandikiza wala viwavijeshi. Naandika kuhusu simu, maana simu nayo siku hizi inaweza kukutia hasara shambani.

Msimu uliopita nilikaa na mama mmoja hapa Mchombe tukijaza taarifa zake kwenye programu ya ushauri wa kilimo. Ikataka tarehe ya kuzaliwa. Mama kazaliwa 1961, na kalenda inarudi nyuma mwezi mmoja mmoja: ni kubonyeza zaidi ya mara 700. Kijana mmoja akatuonyesha kwamba ukigusa ule mwaka ulioandikwa juu, orodha ya miaka inafunguka. Hakuna alama yoyote inayosema hivyo. Ikadai barua pepe, ambayo mama hana wala haihitaji. Mtandao ukakatika, fomu ikafutika yote, tukaanza upya.

Hayo ni usumbufu tu. Hasara ilikuwa mbele. Palipoandikwa "Ukubwa wa shamba (Ha)", mama akaandika 3, maana ana ekari 3. Hekta moja ni karibu ekari 2.5. Programu ikampigia hesabu ya mbolea ya ekari zaidi ya 7. Nisingekuwepo, angekwenda dukani kununua urea mara mbili na nusu ya anayohitaji. Hiyo ni pesa ya vibarua wa kuvuna. Tena urea ikizidi, mpunga unarefuka na kulala.

Nilipowaeleza wahusika, nikajibiwa kwamba wakulima wanahitaji semina ya matumizi. Hapo nakataa kabisa. Mama huyohuyo anatuma na kupokea pesa kwa kitochi chake kila wiki, na hakuna aliyempa semina. Mjinga ni nani hapo?

Tazameni M-Pesa ilivyoanza. Mwaka 2005 ilijaribiwa Kenya kwa ajili ya watu kulipia mikopo midogo. Wenye simu wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Watengenezaji hawakuwaambia kwamba wanakosea. Waliwatazama, wakaacha mambo ya mikopo, wakaizindua Machi 2007 kama huduma ya kutuma pesa. Mwaka 2008 ikafika kwetu Tanzania. Siku hizi kabla pesa haijatumwa unaonyeshwa jina la anayepokea, ili ukikosea namba ujue mapema. Huo ndio ufundi: programu inakukinga na kosa, haikusubiri ukosee.

Kijana anayesomea kompyuta anajifunza kuandika programu isiyokwama. Ni vizuri, lakini programu isiyokwama inaweza kumkwamisha mtu. Nawaomba walimu wao: msimpe alama mpaka akae na watumiaji watano, awape simu, anyamaze, atazame wanapokwama. Mtaalamu wa mambo haya, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi ya programu. Hapa kwetu, watu watano unawapata kwenye mashine moja ya kukoboa kabla ya saa nne asubuhi. Chuo cha SUA kipo Morogoro, mkoa wetu huuhuu.

Mtasema safari ni gharama. Ni kweli. Lakini nauli ya mwanafunzi mmoja na mifuko ya mbolea iliyonunuliwa bure kijiji kizima, kipi ghali?

Na sisi maafisa ugani tuna kosa letu. Mkulima akikwama, tunachukua simu na kumjazia. Idadi ya waliosajiliwa inapanda, mtengenezaji anaamini kazi yake ni nzuri, na ubovu unabaki palepale. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Sasa nimeacha. Nakaa pembeni, naandika kila panapomkwamisha mtu, napeleka juu.

Nanyi fanyeni haya:

1. Ukiulizwa ukubwa wa shamba, angalia kwanza kama wanataka ekari au hekta. Kama ni hekta, gawa ekari zako kwa 2.5.
2. Kabla ya kununua mbolea kwa ushauri wa simu, niletee hiyo hesabu niione.
3. Anayekusaidia kujaza asiguse namba yako ya siri. Akimaliza, mwambie akusomee yote aliyoandika.
4. Ukikwama, usione aibu. Kumbuka ulipokwama na maneno yaliyotokea, uje ofisi ya kata.
5. Wakija na programu mpya, waambie: "Nipe simu nijaribu mwenyewe, wewe tazama." Wakikataa, wana jambo la kuficha.

Jembe likikuumiza mkono, hatukupi semina ya kushika mpini. Tunamrudishia fundi, achonge upya.