Fuko Hajui Mpaka wa Shamba



Baada ya Idi nilifunga safari kwenda kumtazama binti yangu, ambaye ndoa imempeleka kuishi Nyamira, si mbali na mji wa Keroka, pale kaunti ya Nyamira inapopakana na ya Kisii. Sisi tuliozoea mchanga na jua la Mombasa, nchi ile hutustaajabisha. Ni vilima juu ya vilima, udongo mwekundu ulioshiba mvua, migomba na michai hadi ukingoni mwa njia. Mvua yao ya mwaka hupita milimita 1,500, na kijiti ukikichomeka jioni hudhani kitachipua kabla ya alfajiri.

Binti yangu alitenga kipande mbele ya nyumba, akakipanda ukoka, akauzungushia mawaridi, na pembeni akatia rehani na miche ya asumini niliyompelekea mwenyewe ili harufu ya kwao isimpotee. Siku ya tatu ya kukaa kwangu tuliamka tukakuta ukoka umejaa marundo ya udongo mbichi, saba kwa hesabu, kana kwamba mtu amepita usiku akimwaga ndoo. Siku ya nne, waridi lililokuwa likichanua likanyauka. Nilipolishika likanijia mkononi kama fimbo. Halikuwa na mzizi hata mmoja.

"Ni fuko, mama," akasema mwanangu. "Huku kila nyumba inamlilia."

Akaenda sokoni, akarudi na unga uliofungwa katika karatasi isiyo na jina wala maandishi, akautia mashimoni. Kesho yake alasiri nilimkuta mjukuu wangu wa miaka miwili amechutama kando ya rundo, karatasi ile i mkononi mwake na vidole vimejaa unga. Hakuwa ameonja, alhamdulillahi. Tulimwosha kwa maji na sabuni, tukamkimbiza hospitali hata hivyo, na usiku tulirudi tukiwa na shukrani na aibu kwa pamoja. Waridi linapandwa upya, mtoto hapandwi. Ndiyo maana wiki hii nimeona niandike juu ya fuko, kwa ajili ya dada zetu wanaoishi bara na wote wenye bustani.

Kwanza tumjue. Fuko wa nyanda za juu ni wa jamii ya panya, mwenye manyoya laini, macho madogo mno, na meno ya mbele yaliyochomoza nje ya mdomo. Kwa meno hayo huchimba, kisha huusukuma udongo juu, na ndiyo yale marundo tunayoyaona. Kila fuko huishi peke yake katika njia zake, isipokuwa mama na watoto wake wachanga. Chakula chake ni mizizi, viazi vitamu, vitunguu vya maua, hata mizizi ya migomba na nepia ya ng'ombe. Hula akiwa chini, kwa hiyo mwenye bustani huiona hasara mmea ukisha kufa. Tusimchanganye na panya buku wetu wa pwani, ambaye hutoka usiku kutafuta riziki juu ya ardhi. Fuko hutoka nje kwa nadra sana. Basi sumu inayomwagwa juu ya udongo humfikia kwanza kuku, paka na mtoto kabla haijamfikia yeye.

Fuko ana tabia moja inayomponza: hawezi kustahimili njia yake ibaki wazi. Akihisi hewa imeingia, hurudi kuiziba. Juu ya tabia hii wategaji wa Kisii na Nyamira wamejenga kazi yao. Jirani alituitia mzee mmoja, akaja na panga, waya na fito zake.

"Mama, usikanyage hapo," aliniambia kwa upole. "Huyu husikia kwa ardhi."

Alitafuta rundo lililo bichi kuliko yote, akafukua pembeni yake hata akaifikia njia. Akachomeka ufito mrefu ardhini, akaupinda kama upinde, na kwenye ncha yake akafunga kamba yenye kitanzi cha waya. Kitanzi akakilaza ndani ya njia, kikashikiliwa na uzi mwembamba uliopita katikati. Fuko anapokuja kusukuma udongo ili azibe, huukata uzi ule. Ufito hufyatuka juu, na kitanzi humbana papo hapo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amenasa mmoja. Mtegaji hulipwa kwa kila fuko anayemwonyesha mwenye shamba, asiponasa, halipwi. Kwa hiyo fedha ile ya unga wa sokoni ingeweza kuwa riziki ya mtu mwenye ujuzi.

Hapa nikumbushe jambo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutenda wema katika kila kitu, hata pale inapobidi kuua. Mtego utazamwe mara kwa mara, wala usiachwe usiku kucha mnyama akateseka. Na watoto wafundishwe kuwa huyu si wa kuchezewa, ijapokuwa ametuharibia.

Lakini kwa kitalu kidogo cha maua, kinga hushinda mtego. Fukua kitalu kizima hadi kina cha nusu mita hivi. Tandaza chini waya wa kuku wenye matundu madogo, upandishe kingo zake pande zote hadi ujitokeze kidogo juu ya ardhi, kisha urudishe udongo na kupanda. Ikiwa waridi ni moja moja, kila shina lisukiwe kikapu chake cha waya, kipana kiasi cha kuipa mizizi nafasi. Asumini na rehani zaweza kukaa katika mitungi au ndoo kuukuu zilizotobolewa kitako. Ukoka ni mgumu kuulinda wote. Yatosha kuyatawanya marundo kila asubuhi, ili rundo jipya likitokea ulijue na umwite mtegaji siku hiyo hiyo. Tena usipande viazi vitamu kando ya maua, maana utakuwa umemwandalia mgeni futari mlangoni.

Wenyeji wengine hupanda utupa kuzunguka shamba. Sisi wa pwani twaujua: ndio mmea ambao wavuvi wa zamani waliuponda na kulewesha samaki katika vidimbwi. Wapo wanaosema fuko huikimbia mizizi yake, na wapo waliopanda wasione tofauti. Mwenye kuujaribu aupande mbali na bwawa la samaki, maana Kisii na Nyamira zina mabwawa mengi yaliyochimbwa kutokana na mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, na utupa hausahau kazi yake ya asili.

Mlinzi mwingine ni bundi. Fuko anapotokeza usoni pa ardhi, bundi na mwewe humnyakua. Nasi, pwani na bara, tukimsikia bundi juu ya paa twamtupia mawe kwa kudhani ameleta msiba. Mtume (S.A.W.) alikwisha kuikanusha itikadi ya mkosi, na bundi akamtaja. Tumwache afanye kazi yake. Na tukumbuke kuwa panya aliyekula sumu akiliwa na bundi au paka, naye huenda akafa.

Ikiwa mtu ataona hana budi kutumia dawa, asinunue kitu kisicho na jina. Dawa iliyosajiliwa nchini Kenya huwa na nambari ya bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na wanyama waharibifu, pamoja na maelezo ya matumizi. Vidonge vya kuhifadhia nafaka visitiwe mashimoni kamwe karibu na nyumba. Vinapokutana na unyevu hutoa hewa yenye sumu inayoweza kupenya hadi chumbani mlimolala watu. Na mtoto akishika au akila sumu, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na ile karatasi au kopo mwende nalo.

La mwisho ni ujirani. Mashamba ya kule ni membamba, yamegawanywa baina ya ndugu kizazi baada ya kizazi, na fuko hajui mpaka. Ukimfukuza kwako atahamia kwa jirani, na njia aliyoiacha huingiwa na mwingine. Binti yangu aliwaendea mama wawili wa jirani, wakakubaliana kumwita yule mzee wiki moja, kila mmoja alipie shamba lake. Kabla ya hapo walikuwa wakiamkiana njiani tu. Sasa mmoja wao ndiye anayemshikia mtoto akienda sokoni.

Juzi alinipigia simu. Marundo mawili yamerudi kwenye ukoka, na nyuma ya nyumba fuko bado yumo ndani ya nepia. Lakini mawaridi yamo katika vikapu vyake vya waya, yamechanua, na asumini imetoa maua yake ya kwanza. "Mama," akaniambia, "nimeona nimwachie fuko sehemu yake, nami nilinde yangu."

Allah atuhifadhie watoto wetu na majumba yetu. Amin.

Wassalaamu alaykum.