Kijana fundi, pima kwanza ndipo uguse skrubu

Ukipita Migori mjini, Rongo au karibu na soko la Homa Bay, hukosi kibanda cha fundi wa simu. Wengi ni vijana wenzetu wa jua kali, na kazi wanaipenda. Lakini tuambiane ukweli: mara nyingi hatutengenezi, tunabahatisha. Simu haichaji, tunabadilisha tundu la chaja. Ikikataa, tunaweka betri mpya. Ikikataa tena, mteja anaambiwa bodi imekufa. Amelipa mara mbili na hakuna anayejua ugonjwa ulikuwa upi.

Mimi naona tiba ya tabia hii imelala juu ya kabati la babu yako. Nasema zile redio kuukuu za valvu, vile vibomba vya glasi vinavyowaka wekundu kwa ndani. Transista ilivumbuliwa mwaka wa 1947, na kabla haijaenea, valvu ndizo zilizobeba sauti zote hewani. Kule Macalder, mgodi uliletewa umeme kutoka Gogo kwenye Mto Kuja. Pasipo na umeme, redio ya valvu ilihitaji betri kubwa kavu, nyingine za volti 90.

Kwa nini nakutuma huko nyuma? Kwa sababu redio ya valvu haifichi kitu. Kila sehemu unaiona kwa macho na kuipima kwa mita. Haikubali kubahatisha.

Ichukue iliyonyamaza. Kwanza, usiichomeke ukutani moja kwa moja kama imekaa miaka. Ipitishie umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti ndani, zima. Ikififia, endelea. Valvu zinawaka? Volti kubwa zipo? Redio ikivuma tu, shuku kapasita kubwa za kuchuja umeme, maana hukauka kwa uzee. Sauti ikikwaruza na valvu ya mwisho ikichemka kupita kiasi, pima kapasita inayoileta sauti kwenye valvu hiyo. Ikivujisha umeme hata kidogo, itaiua. Unaanzia spika ukirudi nyuma hatua kwa hatua, hadi ufike pale sauti inapopotelea. Ugonjwa uko hapo.

Sasa sikiliza kosa kubwa la wanaoanza. Wakiona vile vikopo vya bati vyenye skrubu juu yake, wanazungusha. Humo ndimo redio inamochuja kila stesheni katika masafa mamoja ya kati, mara nyingi kati ya kilohezi 455 na 470. Skrubu hizo zilipangwa kiwandani na huwa hazihami zenyewe. Ukizizungusha kwa kubahatisha, redio iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina miwili. Kulinganisha mawimbi ni kazi ya mwisho, baada ya kila kitu kilichokufa kubadilishwa. Unaanza na masafa ya kati, kwa ishara ndogo na mita ikikuonyesha kilele. Kisha unapanga namba za stesheni zikae mahali pake, na mwisho upande wa antena. Tumia bisibisi ya plastiki, kwani ya chuma huharibu kipimo na inaweza kuvunja kiini kilichomo.

Utasema, "Simu ndiyo inaleta pesa, nani atanilipa kwa redio ya babu?" Sawa kabisa. Sikutumi ukafungue duka la redio kuukuu. Nakutuma ukajifunze nidhamu, kisha uirudishe kwenye simu, kwenye inveta ya sola, kwenye pampu ya maji. Mteja wa Mbita akijua wewe hupima kwanza, atakuja kwako na atamleta jirani yake.

Na mlango mwingine upo. Redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana hewani kwa mapenzi tu bila biashara, ni halali Kenya ukiwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Vituo vyetu hutambulika dunia nzima kwa herufi 5Z4. Kusikiliza ndiko kuanza. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa la jinai. Mitambo ya zamani ya kurushia ina volti mia kadhaa, na kapasita zake huweza kukuua hata ikiwa imezimwa. Chomoa, zimalize chaji kwa rezista, kisha upime. Mkono mmoja mfukoni, na usifanye peke yako.

Kwa serikali za kaunti za Migori na Homa Bay: Katiba ya 2010 iliwapa vyuo vya ufundi vya vijijini. Kila chuo kipate meza moja, mita mbili, jenereta ya mawimbi na redio chache mbovu. Mwiteni mzee fundi aliyezitengeneza enzi zake, mumlipe afundishe kabla ujuzi haujazikwa naye. Na wewe msomaji, kabla hujauza redio ya babu kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ifungue kifuniko cha nyuma uitazame. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mita ndiyo swali la fundi.